Gari linakosa moto likikanyagwa: koili sita mpya na bado P0304

#1 TurboMbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda. Humu ni msomaji wa kimya tu, ila leo nimebanwa.

Gari ni la michezo, milango miwili, V6 yenye turbo mbili, koili moja ya kutengeneza moto wa cheche juu ya kila plagi. Asubuhi linawaka kwa stata moja, silensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa) imetulia kiasi cha kukufanya uchungulie mshale wa rpm kuhakikisha limewaka. Ukitembea taratibu hakuna shida. Shida ni ukikanyaga. Gia ya tatu, rpm 3,000 na kitu, turbo zinaanza kujaza, mgongo unaanza kubanwa kwenye kiti... halafu linajikwaa. Tukutuku-tukutuku, kama kuna mtu anafunga na kufungua mafuta. Ukiachia mguu linatulia. Ukikanyaga tena, vilevile. Likijikwaa taa ya injini inapepesa, baadaye inabaki imewaka tu.

Mashine ya kusoma makosa ya kompyuta ya gari ikatoa P0304, yaani silinda ya nne inamisi (haiungui). Fundi akasema koili ya silinda ya nne imekufa, nikanunua. Siku tatu, P0304 imerudi. Akasema hiyo koili itakuwa mbovu toka kwenye boksi, na zilizobaki nazo zimechoka, badilisha zote. Nikabadilisha zote sita. Wiki moja na nusu raha mstarehe. Juzi P0304 imerudi, safari hii imekuja na wenzake, P0306 (silinda ya sita) na P0300 (kumisi kwa silinda mbalimbali).

Sasa fundi anasema ni sensa ya oksijeni, kwa sababu mashine inaonyesha upande huo hewa ni nyingi mafuta kidogo, na kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia 14. Kabla sijafungua pochi tena nimeona nipite hapa.

#2 Kimyakimya

Koili feki hizo mkuu. Weka za kampuni nyingine, mchezo umekwisha.

#3 Mzee wa Plagi

Kijana, umetaja koili mara sita, plagi hujagusa. Plagi zina umri gani, na uwazi wake ni kiasi gani? Chomoa, pima kwa fila geji, leta namba hapa.

Nikueleze kwa nini nauliza. Cheche kuruka uwazi wa plagi si kazi ngumu hewa ikiwa ya kawaida. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na hewa iliyobanwa ni ngumu kupenya. Turbo ikijaza inabanwa zaidi, kwa hiyo koili inadaiwa volti nyingi zaidi kuruka uwazi uleule. Silensa inaweza kuridhika na volti elfu kumi na kidogo. Ukikanyaga mpaka mwisho deni linapanda hata mara mbili au tatu. Ndiyo maana injini inayovuta yenyewe inaweza kuishi na uwazi wa milimita 1.1, na ya turbo wanaiwekea kama 0.7 au 0.8. Ncha zikilika kidogo tu, uwazi unapanuka, koili inaanza kuhema. Hapo lawama inaenda kwa koili, ila aliyeiongezea mzigo ni plagi.

Ukichomoa angalia na kauri nyeupe. Kama kuna mstari mweusi mwembamba unaoshuka, kama mtu kachora kwa penseli, moto umepata njia ya mkato, unapita nje ya kauri kwenda kwenye chuma. Ukiukuta, tupa plagi na mpira wa koili kwa pamoja. Mstari huo huwa una pacha wake ndani ya mpira, ukiacha mmoja unamchora mwenzake upya.

#4 DadaSpana

TurboMbili, pole. Usinunue kitu kingine kwanza.

Sensa ya oksijeni iweke kando. Silinda isipoungua, hewa iliyovuta inatoka na oksijeni yake yote kuelekea ekzosi. Sensa inanusa oksijeni, petroli mbichi haiinusi. Inakuta oksijeni tele, inaripoti, kompyuta inaongeza mafuta. Hiyo 14 imeletwa na kumisi. Sensa yako inasema kweli tupu, tatizo ni anayeisikiliza.

Halafu hiyo P0304. Wengi wanaisoma kama "koili ya nne". Haisemi hivyo. Sensa ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inahesabu meno ya gurudumu lililofungwa kwenye krenki. Silinda ikiungua krenki inapata msukumo, isipoungua meno yanachelewa kidogo, na kompyuta inajua ilikuwa zamu ya nani. Inachojua ni hicho tu: namba nne haikusukuma. Imekosa cheche, imekosa mafuta, au haibani hewa, hiyo ni kazi yako kutafuta. Ingekuja P0354, kwa kawaida hapo kompyuta ingekuwa inalalamikia saketi ya koili hiyo, na hata hapo ningeanza na waya na konekta yake.

Tena, taa ikipepesa achia mafuta. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi, na masega yakiyeyuka utaitamani bei ya koili.

Swali langu: kabla ya kununua, kuna mtu aliyehamisha koili ya nne kwenda silinda nyingine ili aone kama tatizo linaifuata?

#5 TurboMbili

Hapana dada. Alisoma mashine, akatoa ile ya nne, akaweka mpya. Kuhamisha hakukuwepo.

Mzee, plagi ni zile nilizolikuta nazo gari, sijui umri. Nimechomoa zote sita jana jioni, injini imepoa. Mashimo makavu, hakuna oili. Mstari wa penseli sijauona. Uwazi: kitabu cha gari kinataka 0.75. Silinda ya nne imesoma 1.05. Nyingine ziko kati ya 0.85 na 0.95.

#6 Mzee wa Plagi

1.05 kwenye turbo! Mgonjwa huyo hapo. Weka plagi mpya uje kutushukuru.

#7 DadaSpana

Mzee nakubaliana nawe nusu. Plagi zibadilishwe, ndiyo, ila akiziweka leo dalili itajificha tena wiki mbili kama ilivyojificha na koili mpya, na sote tutaondoka tukijisifu. TurboMbili, ukiwa na uvumilivu, rudisha plagi za zamani kila moja mahali pake, tufanye jaribio la kuhamisha kabla ushahidi haujapotea.

Sharti ni moja: kitu kimoja kwa safari moja. Ukihamisha koili na plagi kwa pamoja, tatizo likihama hutajua limebebwa na nani. Safari ya kwanza, koili ya 4 iende 3, ya 3 ije 4. Plagi zisiguswe. Zima swichi kabla ya kuchomoa konekta, na usimruhusu mtu anyanyue koili injini ikinguruma ili "asikilize". Moto ukikosa plagi ya kurukia unatafutia njia ndani ya koili yenyewe au kwenye mkono wako.

Usisubiri taa. Mashine nyingi zina ukurasa wa data hai wenye hesabu ya kumisi kwa kila silinda. Futa hesabu, kanyaga ileile gia ya tatu, soma. Kama unaweza kupata mashine ya kupimia nguvu, ile yenye roli, bora zaidi, utakanyaga umesimama na mtu mwingine asome.

#8 Resi

Mi ningepima omu (ukinzani) tu za koili na multimita, dakika kumi. Mbona mnazunguka?

#9 DadaSpana

Resi, kwenye koili za zamani sawa. Ndani kuna nyaya mbili zimezungushwa juu ya chuma, moja nene yenye mizunguko michache, nyingine nyembamba kama unywele yenye mizunguko maelfu. Ile nene ilikuwa inasoma omu moja hivi au chini yake, nyembamba maelfu ya omu, mtu analinganisha na kitabu. Koili ya siku hizi yenye pini tatu au nne mara nyingi ina swichi yake ya kielektroniki ndani. Ukiweka multimita kwenye pini unapima hiyo swichi, namba haina maana. Upande wa plagi nao zipo zenye dayodi, zinakusomea "imekatika" ilhali ni nzima.

Na hata pale omu zinapopimika, multimita inapeleka volti chache kwenye koili iliyolala kwenye benchi, imepoa. Ufa unaovuja moto wa volti elfu thelathini koili ikichemka, hautauona. Omu mbaya inakuhakikishia koili ni mbovu. Omu nzuri haikuhakikishii kitu.

#10 Mpanda Mlima

Nichomekee kidogo. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba shimo moja la plagi lilikuwa limejaa oili, gasketi ya kava ya tapeti imekufa. Mpira wa koili ulikuwa umevimba na kulainika kama andazi lililolowa. Ile koili niliibadilisha mara mbili kabla sijajua kwamba kila mpya naizamisha kwenye oili ileile. Kwa hiyo umefanya vizuri kuangalia kama mashimo ni makavu au la.

#11 TurboMbili

Nimerudi wakuu. Nimepata ile mashine ya roli, rafiki kashika kompyuta, mimi usukani.

Zilivyokuwa mwanzo: silinda ya 4 imemisi 31, ya 6 imemisi 9, ya 2 mara 3. Silinda 1, 3 na 5 sifuri.

Koili ya 4 imehamia 3: silinda ya 4 imemisi 28. Ya 3 sifuri.

Kwa hiyo koili haina kosa. Nikaendelea kwa ujeuri wangu, koili nikazirudisha, nikahamisha plagi: ile ya 1.05 nikaipeleka silinda ya 3. Silinda ya 4 ikashuka hadi 11, ya 6 ikabaki 8. Nilitegemea ya 3 iwake moto na hiyo plagi mbovu. Sifuri! Plagi ya 1.05, turbo imejaza kabisa, sifuri!

Hapa nimechanganyikiwa.

#12 Kimyakimya

Gari lina mashetani hilo.

#13 DadaSpana

Wala usichanganyikiwe, umefanya kazi nzuri kuliko wengi wenye gereji. Zitazame namba zako tena. Koili ya 4 imevuka kwenda upande wa pili, imepona. Plagi ya 4 imevuka, imepona. Kila kinachohama kule kinapona, na kila kinachokuja huku kinaugua. Basi acha kutafuta kifaa kibovu, tafuta mahali pabaya.

Kwenye injini yako 1, 3, 5 ziko kichwa kimoja, na 2, 4, 6 kichwa kingine, sivyo? Ni kitu gani koili tatu za upande mmoja wanachangia peke yao? Waya wa umeme unaowaletea chanya, na waya wa athi unaorudisha hasi, ambao mara nyingi umefungwa kwa bolti kwenye kichwa cha injini.

Koili haizalishi moto kutoka hewani. Inajaza sumaku kwa milisekunde chache, tuseme tatu, umeme ukipanda hadi ampia kadhaa, kisha swichi inakata ghafla na sumaku ikianguka ndipo volti zinaruka. Muda wa kujaza unapangwa na kompyuta kwa kuangalia volti za betri: zikiwa chini inajaza kwa muda mrefu zaidi, zikiwa juu kwa muda mfupi. Sasa kompyuta inapima volti zake yenyewe. Inaona 14, inatoa muda wa 14. Kama njiani volti moja na nusu inaliwa na athi mbovu, koili inajazwa nusunusu na kompyuta haina habari. Silensa cheche hiyo inatosha. Turbo ikijaza haitoshi, na wa kwanza kuanguka ni mwenye plagi iliyolika kuliko wote. Ndiyo maana ilikuwa 4. Umeweka koili mpya zenye nguvu kidogo zaidi, zikakubeba wiki moja na nusu.

Utapima hivi. Multimita kwenye volti za DC, isiwe omu. Ncha nyekundu kwenye pini ya athi ya konekta ya koili, kwa nyuma, konekta ikiwa imechomekwa. Ncha nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri, kwenye risasi yenyewe, usiiweke kwenye kibano. Washa, resi 3,000. Fanya upande usio mgonjwa, fanya na upande mgonjwa. Kisha rudia upande wa chanya: pini ya chanya ya koili na kichwa chanya cha betri.

#14 Resi

Athi nimepima kwenye gari langu kwa ile sauti ya multimita, inalia piii. Nzima.

#15 DadaSpana

Piii italia hata ukiwa umebakiwa na unyuzi mmoja wa waya ambao haujakatika. Unyuzi huo unapitisha umeme wa multimita bila wasiwasi, mpitishie ampia saba uone. Ndiyo maana nasema pima ikiwa kazini.

#16 TurboMbili

Matokeo. Chanya, pande zote mbili ni 0.1 na kidogo, sawasawa. Athi upande wa 1-3-5: 0.02. Athi upande wa 2-4-6: 0.38.

0.38 ni nyingi? Nilitegemea namba ya kutisha zaidi.

#17 DadaSpana

Inatisha, ila multimita inakuficha. Koili zinavuta umeme kwa vipande vifupi, muda mwingi zimelala, na multimita inakupa wastani wa kuvuta na kulala. Ukipata osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyopanda na kushuka, hata ile ndogo ya mkononi, utaona kilele. Ila hata bila hiyo, mwenzake ana 0.02. Nenda kwenye bolti.

#18 TurboMbili

Wakuu.

Osiloskopu nimeazimwa. Kila koili ya upande ule ikijaza, mstari wa athi unapanda kama mlima na kukatika wima. Kilele 1.7. Upande wa pili mstari umelala bapa.

Bolti iko nyuma ya kichwa cha injini, karibu na ukuta unaotenga injini na abiria, mahali ambapo mkono unaingia ila macho hayaingii. Nimetumia kioo kidogo na tochi ya simu. Ukiishika imekaza kabisa, hata haichezi. Nimeifungua: chini ya kile kipete cha waya kuna rangi. Rangi nyeusi, nzuri, imepakwa vizuri, haina hata mkwaruzo isipokuwa pete nyembamba pembeni iliyogeuka ya kijivu na unga wa kijani. Injini hii ilishushwa mwaka jana kwa kazi nyingine, ikarudi imependeza, kila bracketi imepakwa rangi. Na hii nayo ikapakwa. Umeme wote wa koili tatu ulikuwa unarudi kupitia nyuzi za ile bolti peke yake.

Nimekwangua rangi hadi chuma kinang'aa, kipete nimekisugua kwa msasa, nimekaza, nikapaka grisi juu yake, baada ya kukaza. Athi sasa 0.02. Nikarudi kwenye roli na plagi zilezile za zamani, ya 1.05 nikairudisha silinda ya 4 makusudi. Kukanyaga mara tatu hadi rpm 6,800. Sifuri kwa sita. Asilimia 14 imeshuka yenyewe hadi 2.

Kisha plagi mpya, 0.75 zote. Mzee, usijisikie vibaya.

#19 Mzee wa Plagi

Sijisikii vibaya kijana, plagi zilikuwa mbovu. Dada, heshima.

#20 Mpanda Mlima

Na zile koili za zamani ulitupa?

#21 TurboMbili

Ziko kwenye boksi stoo, bahati nzuri. Jana nimezirudisha zote sita, hata ile ya nne ya kwanza kabisa "iliyokufa". Nimepiga tena roli. Sifuri.

#22 Kimyakimya

Mkuu, hizo mpya unauza?

#23 TurboMbili

Si ulisema ni feki?